Dakika Tano za Mstarini

Tulikuwa kidato cha pili. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, tuko mstarini, mwalimu wa zamu anasoma majina ya waliochelewa kufagia maeneo yao, mara msichana aliyesimama mbele yangu akatoa sauti kama ya mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo, akaanguka. Aliangukia changarawe. Mikono ilimkakamaa, miguu ikaanza kupigapiga chini, povu likamtoka mdomoni. Wasichana karibu mia tatu tulirudi nyuma kwa pamoja. Katikati ya uwanja akabaki yeye peke yake, kichwa kikigonga mawe.

Nayakumbuka yaliyosemwa. "Msimguse, mate yake yanaambukiza." "Mnusisheni kiberiti." Mpishi alikuja mbio na kijiko cha bati, akang'ang'ana kukipenyeza kati ya meno yaliyokazana, na jino moja la mbele likavunjika. Baadaye mwili ulitulia wenyewe, kama ambavyo ungetulia hata bila kijiko. Alipozinduka alikuwa na jeraha kisogoni, jino limepungua, na shule nzima inamtazama kwa mbali. Muhula uliofuata hakurudi.

Mimi nilikuwa hatua moja kutoka kwake, na sweta nilikuwa nimelifunga kiunoni. Miaka mingi imepita na bado nalifikiria sweta lile, kwa kuwa sasa najua kwamba asubuhi ile kilichotakiwa ni hicho tu. Sweta likunjwe liwekwe chini ya kichwa. Tai ilegezwe, mawe yasogezwe, mtu mmoja aangalie saa. Mwili ukishaacha kurukaruka, mgonjwa alazwe ubavu ili mate na povu vitoke nje visirudi kooni, na mtu abaki naye akimsemesha kwa upole mpaka ajue yuko wapi. Mdomoni haingizwi kitu chochote: si kijiko, si kijiti, si maji. Hakuna mtu anayemeza ulimi wake. Linalotokea ni meno kuvunjwa na waliokuja kusaidia. Wala hashikwi kwa nguvu akakandamizwa. Dakika 5 zikipita hajatulia, au akitulia na kuanza tena kabla fahamu hazijarudi, au ikiwa ni mara yake ya kwanza, hapo ni hospitali, haraka.

Hofu ile ya mate haikuanzia shuleni kwetu. Karibu mwaka 1960, daktari mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, kwenye milima ya Morogoro, mahali ambapo ugonjwa huo ni mwingi kupita kawaida. Aliwakuta wagonjwa wenye makovu makubwa ya moto. Walikuwa wameangukia mafiga wakati kifafa kimewapanda, na waliokuwa karibu wakaogopa kuwavuta wasije wakaambukizwa. Vidonge alivyowapa vilituliza kifafa cha wengi wao, lakini ngozi iliyoungua haikurudi. Kifafa hakiambukizwi kwa mate, wala kwa pumzi, wala kwa kumgusa aliyeanguka. Nikiulizwa leo somo la kwanza la huduma ya kwanza katika shule zetu liwe lipi, nitajibu kwamba ni hilo moja, lisemwe mstarini kwa sauti, kabla ya kugusa bandeji yoyote.

Nasema "mstarini" kwa makusudi. Mara nyingi shule ikiamua kufundisha huduma ya kwanza humpeleka mwalimu mmoja kwenye semina ya siku mbili, akarudi na cheti, cheti kikabandikwa ofisini. Ni jambo jema, lakini tuangalie mtoto huumia wapi. Huumia njiani akienda shule, jikoni akipokea uji, uwanjani, bwenini saa nane za usiku, kisimani. Mwalimu mwenye cheti hayupo hata mahali pamoja kati ya hapo. Aliyepo ni jirani wa kitanda, au mwenzake wa dawati, au yule anayekimbia naye. Zahanati iko mbali, gari la kituo cha afya limeenda kijiji kingine, na hata likija haliwezi kufika ndani ya dakika zile za mwanzo. Damu haisubiri, na ubongo uliokosa hewa hausubiri. Dakika hizo ni za mwanafunzi mwenzake. Kumwacha bila ujuzi ni kumwachia mzigo ambao atautembeza maisha yake yote. Mimi ni shahidi wa hilo.

Jikoni, basi. Shule nyingi bado zinapika kwa kuni, na sufuria la makande au uji wa watoto mia nne si kitu cha mchezo. Uji una ubaya wake: unanata, kwa hiyo unaendelea kuunguza hata baada ya kumwagika. Mtoto akiungua, mkono wa kwanza unaonyooshwa unashika dawa ya meno. Wa pili unashika mafuta ya kula, wa tatu yai, wa nne asali au unga. Nimeshaona mguu wa mtoto uliopakwa vyote hivyo kwa zamu, kila jirani akiongeza chake, na mama ametulia akiamini mwanawe amehudumiwa. Vitu hivyo hufungia joto ndani ya nyama, huingiza uchafu, kisha mtoto akifika hospitali inabidi visuguliwe vitoke, na maumivu ya kusuguliwa huko huwa mapya kabisa.

Kinachotakiwa ni maji. Maji safi ya kawaida, yasiyo ya barafu, yatiririke juu ya palipoungua kwa dakika 20. Nasisitiza hizo 20 kwa sababu watu humwagia mtoto kopo moja, akinyamaza wanaacha. Bomba likiwa kavu, kopo na ndoo vinatosha: mmoja anachota, mmoja anamwaga taratibu, wanapokezana. Wakati huohuo bangili, saa au pete vivuliwe kabla mkono haujavimba. Nguo iliyogandia kwenye ngozi isibanduliwe, na malengelenge yasipasuliwe. Baada ya maji, pafunikwe na kitambaa safi kisichokazwa. Kanga iliyofuliwa na kupigwa pasi inafaa sana. Palipoungua pakiwa pakubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe, au pakiwa usoni, mikononi au sehemu za siri, asiachwe nyumbani. Nguo ikishika moto, asikimbie, maana upepo wa kukimbia ni chakula cha moto. Ajitupe chini, afunike uso kwa mikono, ajiviringishe.

Fyekeo ni ajali nyingine tunayoijua sote. Siku ya usafi watoto wanafyeka nyasi wakiwa wamejazana, kila mmoja na fyekeo lake, na muundi wa mtu uko karibu mno na wembe wa mwenzake. Nilipokuwa mdogo jeraha la namna hiyo lilijazwa udongo au kutafuniwa majani, na wako wanaofanya hivyo mpaka leo. Udongo ndio makao ya vijidudu vya pepopunda. Chukua kitambaa safi, kibandike juu ya jeraha, kandamiza kwa kiganja, kaza, usiachie. Hesabu dakika 10 bila kufunuafunua ili "kuangalia kama imekoma". Kila ukifunua unaling'oa tone lililokwisha kuganda. Kitambaa kikiloa, ongeza kingine juu yake, cha kwanza usikiondoe. Mguu uinuliwe. Glavu zikiwepo zivaliwe, zisipokuwepo mgonjwa mwenyewe ashike kitambaa na kukandamiza, mwenzake amwelekeze. Kama kuna kipande cha chupa au msumari umezama ndani, hakichomolewi. Hukandamizwa pembeni yake na mtoto akapelekwa hivyohivyo.

Damu ya puani nayo tumeifundishana kinyume. Mtoto huambiwa atazame juu, akamwagiwa maji utosini, na damu yote ikashuka tumboni akaitapika. Ainame mbele kidogo, abane sehemu laini ya pua kwa vidole viwili dakika 10 hadi 15, apumulie mdomoni. Basi.

Nyoka nitampitia haraka, ingawa wakazi wa vijijini wana haki ya kunilaumu kwa hilo. Aliyeumwa atulizwe, aketishwe, kiungo kilichoumwa kisichezeshwe. Kifungwe kwenye ubao au fimbo kama mguu uliovunjika, kisha abebwe. Abebwe, asitembezwe. Kuchanja, kunyonya sumu, kukaza kamba mpaka mguu unakufa ganzi na kungojea jiwe la nyoka livute sumu, yote hayo yanapoteza muda, na kamba iliyokazwa imewagharimu watu miguu. Swila akitema machoni, ni maji mengi, tena na tena. Na nyoka asifukuzwe ili apelekwe kwa daktari, maana anayemfukuza huwa mgonjwa wa pili.

Sasa nifike ninapopaogopa kuliko pote. Bwenini.

Mwaka 1994 moto uliua wasichana zaidi ya 40 katika Sekondari ya Shauritanga, wilayani Rombo. Machi 1998 wasichana 26 walikufa Bombolulu, pwani ya Kenya. Machi 2001 wavulana 67 walikufa Kyanguli, Machakos. Agosti 2009 wasichana 12 walikufa katika Sekondari ya Idodi, Iringa, baada ya mshumaa wa kujisomea usiku kushika matandiko. Septemba 2020 watoto 10 walikufa katika Shule ya Msingi ya Byamungu, Kyerwa, mkoani Kagera. Septemba 2024 wavulana 21 walikufa Hillside Endarasha, Nyeri. Sijaziorodhesha zote. Vyanzo vyake vinatofautiana: mshumaa huku, kule hitilafu ya umeme, kwingine mkono wa mtu uliowasha kwa kusudi. Lakini ukizisoma moja baada ya nyingine unakutana na vitu vilevile, tena na tena: vitanda vya deka vilivyobanana, magodoro ya sponji, dirisha lenye nondo, mlango uliofungwa kwa kufuli. Bombolulu milango ilikuwa imefungwa kwa nje. Kyanguli mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa na kufuli, na madirisha yalikuwa na nondo.

Najua kwa nini tunatia nondo. Mzazi anaogopa mwizi, mkuu wa shule anaogopa mtoro, na kwa bweni la wasichana kila mtu anaogopa jambo ambalo halina haja ya kutajwa. Hofu hizo ni za kweli na sizidharau. Ila moto ukiwaka, nondo ile haijui nani mwizi na nani mtoto. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na serikali ya Kenya mwaka 2008 unasema wazi: bweni liwe na mlango kila upande pamoja na mlango wa dharura katikati, milango ifunguke kwa nje, isifungwe kwa nje watoto wakiwa ndani, madirisha yasiwe na nondo, kati ya kitanda na kitanda iachwe mita 1.2, na njia ya katikati isipungue mita 2. Sentensi hizo ziliandikwa baada ya mazishi. Zilipoandikwa, Endarasha ilikuwa bado haijatokea.

Mwanafunzi hawezi kung'oa nondo. Nondo ni kazi yetu watu wazima, na tusimwachie mtoto tuliyoyashindwa. Hata hivyo yapo anayoweza kuyajua, na yanaokoa. Kwamba moshi huua kabla ya ndimi za moto, na kwamba hewa inayovutika iko chini, karibu na sakafu: kwa hiyo atambae, pua na mdomo amefunika kwa kitambaa, ikiwezekana kilicholoa. Kwamba mlango uliofungwa huguswa kwanza kwa nyuma ya mkono; ukiwa wa moto, atafute njia nyingine. Kwamba akishatoka harudi, si kwa tranka, si kwa vyeti, si kwa sare mpya. Kwamba kila bweni liwe na mahali pa kukutania, chini ya mwembe fulani, ambapo kila kiranja anahesabu watu wake, ili waokoaji wajue kama kuna aliyebaki ndani na yuko kitanda kipi. Na namba ya zimamoto, 114, iwe kichwani kwa kila mtoto wa Tanzania kama anavyoijua ya mama yake. Moshi haumpi mtu nafasi ya kusoma bango.

Mambo haya hayaingii mwilini kwa kuandikwa ubaoni. Lazima yafanyiwe mazoezi, usiku, taa zimezimwa, angalau mara moja kila muhula. Februari 3, 2020, katika Shule ya Msingi ya Kakamega, watoto 14 walikufa kwenye ngazi wakati wakitoka madarasani jioni. Hakukuwa na moto. Kulikuwa na watoto wengi, ngazi moja, na msukumano. Kutoka kwa utaratibu ni ujuzi kama kuogelea: ama mwili umezoea, ama haujazoea, na siku ya shida si siku ya kujifunza.

Watu wazima wenyewe mara nyingi tunakwama kwa sababu nyingine. Tunaogopa kuulizwa. "Nani alimgusa?" "Wewe ulikuwepo?" Fomu ya polisi, ile PF3, imemfanya mwananchi wa kawaida aliyekuta majeruhi barabarani ajifikirie mara mbili, apite upande wa pili. Watoto wanatuangalia tunavyopita. Mei 6, 2017, basi la wanafunzi wa Shule ya Lucky Vincent lilipotumbukia korongoni wilayani Karatu na kuua watu 35, wengi wao watoto, waliofika mwanzo walikuwa wanakijiji na wapita njia, wakiwamo Wamarekani wachache wenye uzoefu wa huduma za afya waliokuwa safarini. Walisimamisha gari, wakashuka korongoni, wakaanza kutafuta nani bado anapumua. Watoto watatu walinusurika, wakatibiwa Arusha kisha Marekani, na baadaye wakarudi nyumbani. Kila nikiikumbuka siku ile narudi kwenye jambo hilo moja, kwamba kuna watu waliosimamisha gari.

Kusimama nako kunafundishwa. Klabu za Msalaba Mwekundu zimo katika baadhi ya shule zetu, na Skauti na Girl Guides wamekuwa wakifundishana kufunga bandeji tangu zamani. Nimewahi kuwaona vijana wa klabu kama hizo wakijifunza kukandamiza kifua juu ya mwanasesere: viganja viwili katikati ya kifua, mikono imenyooka, kushuka sentimita 5 au zaidi kidogo, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kupumzika mpaka msaada ufike au mgonjwa apumue. Dakika mbili tu, na mvulana mwenye nguvu za kucheza namba tano alikuwa ametota jasho. Hapo ndipo wote walipoelewa kwa nini hufanywa kwa kupokezana. Nawaombea walimu wasiliache jambo hili liwe la wanaklabu ishirini. Aliyepaliwa na kipande cha muhogo saa ya chakula, akashindwa hata kukohoa, hatachagua kukaa karibu na mwanaklabu. Anahitaji yeyote aliye karibu ajue kumwinamisha na kumpiga kwa kiganja mara tano katikati ya mabega. Kisipotoka, asimame nyuma yake, amkumbatie juu ya kitovu na kuvuta kwa ndani na juu kwa nguvu mara tano, kisha aanze tena.

Na sanduku. Shule nyingi zina sanduku la huduma ya kwanza, lina alama ya msalaba, na limefungwa kabatini ofisini, ufunguo anao mtu aliyekwenda mjini. Ndani kuna pamba iliyopata ukungu na chupa ya dawa iliyokwisha muda. Ningependa liwe jikoni, lingine uwanjani, lingine mlangoni mwa bweni, bila kufuli, lenye vitu vichache vinavyotumika kweli: glavu, shashi, bandeji, mkasi, kitambaa cha pembetatu, sabuni, tochi. Vitaibwa? Labda bandeji mbili zitaibwa. Zinunuliwe nyingine.

Mwezi uliopita nilikwenda siku ya wazazi kumtembelea mtoto wa kaka yangu, yuko kidato cha kwanza, shule ya bweni. Nilimpelekea chapati na kuku wa kukaanga.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Kula kwanza, halafu nina maswali matatu."

Alidhani nitauliza ripoti. Nikamuuliza bweni lina milango mingapi, usiku ufunguo anakuwa nao nani, na sanduku la huduma ya kwanza liko wapi. Alijibu huku akitafuna. Milango ni miwili, lakini wa nyuma haufunguki, matranka yamepangwa mbele yake. Ufunguo anao matroni. Sanduku hajawahi kuliona.

Nilimtafuta matroni nikampata akianua nguo. Mama wa makamo, mpole, amechoka. Nilimwambia bila kuzunguka kwamba naogopa, na nikamwambia kwa nini. Alinisikiliza, akaitupa kanga begani, akaita dada mkuu. Wazazi wengine wawili walijiunga. Tulihamisha matranka yale jioni ileile hadi ukuta wa mbali, na mlango wa nyuma, baada ya kupigwa bega mara tatu na baba mmoja, ulifunguka ukatoa vumbi. Matroni akautoa ufunguo wake kwenye kamba ya shingoni, akautundika kwenye msumari ndani, kando ya fremu, pale mkono wa mtoto unapofika.

Nilimwambia binti wa kaka yangu alale kitandani kwake, afumbe macho, ashuke, aende mlangoni kwa kupapasa, ahesabu hatua. Mara ya kwanza alijigonga kwenye chuma cha deka akacheka. Mara ya pili alifika: hatua kumi na tisa. Msichana wa kitanda cha juu akasema kwake zitazidi, kwa sababu yeye ana ngazi ya kushuka, akapanda, akafumba macho. Nilipokuwa naaga, walikuwa wamejipanga sita, kila mmoja anangojea zamu yake ya kuhesabu.